Haki ya Mshindwa

Katika kila mashindano dunia humtazama mshindi. Yeye hupewa makofi, kikombe na jina. Mshindwa hupewa neno moja la faraja, kisha husahauliwa. Lakini jambo likichunguzwa kwa makini huonekana kuwa kanuni za mashindano hazikutungwa kwa ajili ya mshindi. Mshindi angeridhika hata bila ya kanuni, maana yeye ameshapata alilolitaka. Kanuni hutungwa kwa ajili ya yule aliyeachwa nyuma, apate kuamini kwamba mashindano yalikuwa ya kweli, na apate kujua ni kitu gani kilichomshinda. Aliyeshindwa na ustadi wa mwenziwe huenda nyumbani akajifunza. Aliyeshindwa na mfuko wa mwenziwe huenda nyumbani akanung'unika, na yamkini harudi tena uwanjani. Asiyejua ameshindwa na nini ni mnyonge kuliko hao wawili, maana hana la kujifunza wala la kulalamikia.

Haki hii ya mshindwa ingeweza kutafutwa shuleni, mahakamani au sokoni. Hapa itatafutwa mahali padogo ambapo wanafalsafa hawapiti, yaani katika mchezo wa ridhaa wa magari uitwao autokrosi, na katika vitabu vya kanuni vya vyama vinavyousimamia. Udogo wa mahali una faida yake. Katika mchezo huu fedha ya kushindaniwa ni haba au haipo, watazamaji ni wachache, na magazeti hayana habari nao. Kilichobaki ni watu na hamu yao ya kutendewa haki.

Huko Marekani autokrosi huchezwa juu ya uwanja mpana wa lami au saruji, aghalabu uwanja wa kuegeshea magari au kiwanja cha ndege cha zamani. Koni za barabarani hupangwa zikafanya njia yenye kona nyingi za ghafula. Gari hupita peke yake. Likiwapo jingine njiani, liko mbali, wala hayafukuzani. Saa husoma mpaka sehemu ya elfu ya sekunde, na mzunguko mmoja huchukua kadiri ya dakika moja. Katika kanuni za Sports Car Club of America, chama kilichoanzishwa mwaka 1944, kila koni iliyoangushwa humwongezea dereva sekunde 2, na sekunde 2 katika mchezo huu ni bahari nzima. Kwa kuwa njia haina sehemu ndefu iliyonyoka, hatari si kubwa. Mtu aweza kuja na gari lile lile analoendea kazini, akashindana, akarudi nalo nyumbani, hasara yake ikiwa ni matairi yaliyolika na petroli kidogo.

Shida huanzia hapo hapo kwenye gari la kuendea kazini. Mmoja huja na kigari kidogo chenye umri wa miaka ishirini, mwingine na gari la fahari lenye nguvu mara tatu ya hilo. Wote wawili hupita baina ya koni zile zile na kupimwa kwa saa ile ile. Saa husema kweli, lakini kweli yake si jibu la swali lililoulizwa. Watu waliuliza ni nani dereva bora. Saa hujibu ni dereva yupi na gari lipi, wakiwa pamoja, waliopita upesi. Ili majibu yakaribiane na swali, magari hugawanywa katika madaraja, kila gari lishindane na wenzake. Na nani wenzake?

Aristotle, katika kitabu cha tano cha Maadili yake, alisema kuwa magomvi huzuka pale walio sawa wanapopewa visivyo sawa, au wasio sawa wanapopewa vilivyo sawa. Kisha akaongeza jambo ambalo wengi hulisahau: watu wote hukubali kuwa mgawo wa haki ni ule unaofuata stahili, ila hawakubaliani stahili ni nini. Wengine husema ni uhuru wa mtu, wengine mali, wengine nasaba, wengine wema. Vyama vya magari vimeurithi ugomvi huo bila ya kujua vimeurithi kwa nani. Kila chama hutangaza usawa, na kila kimoja hupima kwa kibaba chake.

Afrika ya Mashariki ililijibu swali hili mapema, ingawa katika mashindano ya namna nyingine, ya masafa marefu. Mwaka 1953, kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, yalianzishwa mashindano ya Coronation Safari, yaliyopita katika Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadaye yakajulikana kwa jina la Safari Rally. Waandalizi wake hawakuyagawa magari kwa ukubwa wa injini. Waliyagawa kwa bei yake dukani. Kipimo hicho kina busara ambayo haikupewa heshima yake. Ukubwa wa injini ni jambo la fundi, bali bei ni jambo la kila mtu, na aliyeshindwa katika daraja lake alijua kwa yakini kuwa hakushindwa na mtu aliyenunua gari la thamani maradufu. Ila bei ina ila yake pia. Haimo ndani ya gari. Imo katika ushuru, katika nauli ya meli na katika hesabu ya mwenye duka. Mwenye duka akipunguza bei, gari laweza kuhama daraja bila ya parafujo moja kuguswa. Baadaye ujazo wa injini ulishika mahali pa bei.

Chama cha Marekani kilichotajwa hapo juu kilichagua njia nyingine. Mchezo wake wa autokrosi hukiita Solo, na mashindano yake ya taifa, yaliyoanza mwaka 1973, tangu mwaka 2009 yana makao yake Lincoln katika jimbo la Nebraska, ambako madereva zaidi ya elfu moja hukusanyika. Kitabu chake hugawa magari kwanza kwa kadiri yalivyobadilishwa. Katika fungu la chini, liitwalo Street, gari huwa karibu na lilivyotoka kiwandani. Mafungu ya juu yake huruhusu zaidi na zaidi, mpaka kwenye magari ambayo mtengenezaji wake wa kwanza asingeyatambua. Ndani ya kila fungu yamo madaraja, na kila aina ya gari imeandikiwa daraja lake. Msingi wa kitabu katika fungu la chini ni mmoja: lisiloandikwa kuwa ni ruhusa ni marufuku. Dereva aweza kubadili shokamzoba. Aweza kubadili ringi kwa kuzidisha au kupunguza inchi moja ya kimo, lakini upana wake lazima ubaki kama ule wa kiwandani. Asomaye haya kwa mara ya kwanza hutabasamu. Kwa nini upana wa ringi uwe kitu kitakatifu, na shokamzoba, ambazo seti moja yake yaweza kugharimu bei ya gari zima lililotumika, ziachwe huru? Jibu ni kwamba kila kanuni ina historia yake ya barua, mabishano na maafikiano, na mantiki huja baadaye kuvika nguo yale yaliyokwisha kuamuliwa.

Habari ya matairi yastahili kusimuliwa kwa kirefu, maana ndani yake mna somo zima la maadili ya sheria. Kwa miaka mingi fungu la chini liliruhusu matairi laini ya mashindano. Matairi hayo hushika njia kama gundi, hugharimu fedha nyingi, na hufa upesi. Basi gari lilikuwa la kawaida lakini miguu yake ilikuwa ya kitajiri. Mwaka 1914 ungeweza kuja na kupita na tatizo lile lile la kwato za farasi. Kwa magari lilitatuliwa mwaka 2014, chama kilipoliondoa fungu la zamani na kulibadili jina, kikataka matairi ya barabarani. Lakini tairi la barabarani ni lipi? Chama kilitafuta tarakimu, na tarakimu ilikuwapo tayari. Sheria ya Marekani hutaka ubavuni mwa tairi la gari dogo iandikwe namba ya uchakavu, ikilinganishwa na tairi la kigezo lenye namba 100. Namba ikizidi, tairi hudumu zaidi. Chama kikaweka kiwango cha chini, na baadaye kiwango hicho kikawa 200.

Nia ilikuwa njema. Tairi linalodumu si laini, na lisilo laini si la mashindano. Hivyo ndivyo ilivyodhaniwa. Lakini namba ile haiandikwi na hakimu. Huandikwa na kiwanda chenyewe baada ya majaribio yake. Viwanda viliona kuwa maelfu ya watu sasa wanatafuta tairi la 200 lililo jepesi kuliko yote kushika njia, na vikatengeneza matairi yenye namba 200 ubavuni na tabia ya mashindano moyoni. Hakuna aliyevunja kanuni. Kilichotokea ni kwamba namba iliyokuwa ishara ya kitu iligeuka kuwa kitu chenyewe, na watu wakaanza kuinunua. Mshindwa wa zamani alijua kuwa ameshindwa na tairi la mashindano. Mshindwa wa sasa huambiwa kuwa wote wamevaa tairi la barabarani, na asipokuwa mjuzi husadiki, akailaumu mikono yake. Hata hivyo si haki kusema kuwa badiliko lile lilikuwa bure. Tairi la leo hudumu zaidi ya lile la zamani, na mtu hurudi nalo nyumbani bila ya kubeba seti ya pili. Wema mdogo uliopatikana kwa sheria yenye tundu ni wema vile vile.

Tundu la pili si rahisi kuzibwa. Orodha ikishatangazwa kuwa aina hizi kumi na tano za gari ni sawa, wajuzi huzijaribu zote, na baada ya msimu mmoja au miwili hujulikana kuwa moja au mbili ni sawa kuliko nyingine. Kisha wenye uwezo huzinunua hizo. Yule aliyekuja na gari la aina ya kumi na nne, kwa sababu ndilo alilouziwa na mjomba wake, yumo katika daraja kwa wino tu. Walio na kazi ya kuhamisha magari kutoka daraja hili kwenda lile ni kamati za wanachama wa kujitolea, ambao wengi wao ni madereva wenyewe, wenye magari yao wenyewe, na Waswahili wamesema kuwa mwamba ngoma huvutia kwake. Chama hujikinga kwa uwazi: mapendekezo huchapishwa kabla ya kupitishwa, na mwanachama yeyote aweza kuandika barua ya kukubali au kupinga. Kinga hiyo ni ya kweli, ingawa mwenye gari la aina ya kumi na nne huwa yu peke yake anapoandika barua yake.

National Auto Sport Association, chama kilichoanzishwa mwaka 1991, kilitaka kuikwepa orodha. Katika mashindano yake ya kupimwa muda kwenye viwanja vya mbio, gari hupimwa uzito na nguvu, na uwiano wa viwili hivyo ndio unaoamua daraja, pamoja na kuongeza au kupunguza kidogo kwa ajili ya matairi na mengineyo. Gari la kilo 1,200 lenye nguvu za farasi 200 hubeba kilo 6 kwa kila nguvu moja, na laweza kukutana na gari la kilo 1,500 lenye nguvu 250, hata kama moja ni la Ujapani na la pili ni la Marekani. Hapa hakuna anayeulizwa umebadili nini. Huulizwa tu umefika na kiasi gani. Anayezidi huongeza vyuma vya uzito au huipunguza injini yake nguvu. Katika mfumo huu fundi huheshimiwa. Katika ule wa orodha fundi hushukiwa. Tofauti hii ni ya itikadi kuliko ya hesabu. Chama kimoja huamini kuwa usawa hulindwa kwa kuzuia mikono ya watu, na kingine huamini kuwa mikono iachwe, yapimwe matokeo. Lakini uwiano nao hausemi lote. Magari mawili yenye uwiano mmoja, moja pana na fupi, jingine jembamba na refu, hayazunguki koni sawa.

Neno autokrosi lenyewe halina maana moja kila mahali. Uingereza neno hilo ni la mashindano ya uwanja wa majani au udongo. Mchezo wa koni juu ya lami una majina mengine huko. Kenya nayo hufuata maana ya udongo, chini ya shirikisho lake la taifa la michezo ya magari, na madaraja yake yanafahamika hata kwa mtu asiyejua kitabu: magari yanayovutwa na magurudumu mawili na yale ya magurudumu manne, kila upande yenye turbo mbali na yasiyo na turbo mbali, magari mepesi ya kuundwa ya bagi, na daraja la watoto liitwalo Bambino. Kwa nchi ya matope kipimo hicho kina maana, kwani kila aliyekwama njiani wakati wa masika ajua tofauti ya magurudumu mawili na manne. Uchache wake nao una hekima. Kila daraja linapoongezwa, usawa hunoleka na wenzi hupungua, na hatimaye kila dereva hukaa peke yake katika daraja linalomfaa barabara, akipokea kikombe kila Jumapili bila ya kumshinda mtu.

Kwa ugonjwa huo wa upweke Wamarekani walibuni dawa ya hesabu. Kila daraja hupewa kizidisho, na muda wa dereva huzidishwa kwa namba hiyo, ili watu wa madaraja mbalimbali waweze kulinganishwa. Tuseme, kwa mfano tu, kuwa gari la kasi lina kizidisho cha 1.000 na limepita kwa sekunde 56.000, na kigari kidogo chenye kizidisho cha 0.800 kimepita kwa sekunde 68.500. Muda wa kigari huwa 54.800, na mwenye kigari hutangazwa kuwa juu. Vizidisho hivyo hutokana na matokeo ya mashindano makubwa, na hurekebishwa kila mwaka.

Aristotle, katika kitabu kile kile cha tano, anataja rula ya risasi iliyotumiwa na waashi wa kisiwa cha Lesbos, ambayo haikuwa ngumu, bali ilipinda kulifuata jiwe. Aliisifu kuwa mfano wa haki inayoijua hali ya jambo. Kizidisho kingependa kuwa rula hiyo, lakini hupinda mara moja kwa mwaka, kwa mawe ya wastani, na si kwa jiwe lililo mbele ya mwashi. Siku ya mvua gari lenye nguvu nyingi huteleza na kizidisho hakijui kuwa kumenyesha. Njia ikipangwa kwa kona za kubanana, magari madogo huneemeka. Ikipangwa kwa upana, makubwa huneemeka. Na namba ni ile ile. Katika mifumo yote iliyotajwa hapa, huu ndio unaomnyima mshindwa haki yake zaidi, kwa kuwa hawezi kamwe kujua kama ameshindwa na dereva, na gari, na mvua, au na tarakimu ya tatu baada ya nukta. Hesabu hiyo yafaa kuwa mazungumzo ya jioni baada ya mchezo, na kama mazungumzo ni tamu sana. Kuifanya hukumu ni kuitwisha mzigo usio wake.

Yako pia madaraja yasiyohusu gari. Chama cha Solo kimekuwa na madaraja ya wanawake sambamba na yale ya wote, na mwanamke huchagua atakakoandikishwa. Gari halijui ni mkono wa nani ulioshika usukani, wala koni haijui. Watetezi husema kuwa bila ya mlango huo wanawake wengi wasingeingia uwanjani, na kwamba wengi walioingia kwa mlango huo baadaye waliwashinda wanaume katika madaraja ya wote. Wapinzani husema kuwa mlango wa pembeni hutangaza kuwa ule mkuu si wako. Hapa kipimo cha insha hii hugeuka kichwa chini: mshindwa wa daraja hilo ajua vema ameshindwa na nini, ila mshindi wake hubaki na shaka kuhusu alichokishinda. Kwa kuwa uchaguzi umeachwa kwake mwenyewe, shaka hiyo aweza kuiondoa siku atakayo, na hilo ni jambo ambalo mwenye gari la aina ya kumi na nne hana.

Nani basi hulinda kanuni hizi zote? Katika michezo ya fedha wako wakaguzi wa mshahara. Katika autokrosi mlinzi mkuu ni mshindani mwenyewe. Akishuku kuwa injini ya mwenziwe imeguswa kinyume cha kitabu, huandika pingamizi, na ikibidi injini ifunguliwe, huweka dhamana ya gharama ya kuifungua. Gari likionekana safi, fedha hiyo humwendea aliyeshukiwa, ili aliunde tena gari lake. Tuhuma hapa ina bei, na kwa hiyo watu huipima kabla ya kuitamka. Lakini bei hiyo hiyo humziba mdomo maskini mwenye haki, na hakuna chama kilichopata njia ya kuwanyamazisha wasingiziaji bila ya kuwanyamazisha na wengine.

Liko jambo moja lisilo na bei. Kila aliyeandikishwa lazima afanye kazi. Zamu yake ya kuendesha ikiwa bado, au ikiisha, huenda kusimama katikati ya uwanja, juani, karibu na koni alizopewa, akiwahukumu watu wa zamu nyingine. Kila koni imechorewa mstari wa chaki kuzunguka kitako chake. Koni ikiguswa ikaanguka, ni sekunde 2. Ikisukumwa ikabaki imesimama, huangaliwa chaki: ikiwa imetoka nje ya mstari wote, ni sekunde 2, ikiwa bado yaugusa mstari hata kwa ncha, hakuna adhabu. Dereva ameshapita na hajui. Watu wa gari lake wako mbali. Aliyesimama pale, ambaye yeye mwenyewe saa moja baadaye atahukumiwa na mgeni mwingine, huinama, huitazama chaki, kisha huinua redio yake na kutaja namba ya gari, au huirudisha koni mahali pake akanyamaza.